Farasi Mwenye Kuogopa Maji

Wengi wenu hamjapata kumgusa farasi hata siku moja. Si ajabu. Katika sehemu nyingi za Kongo yetu farasi hawezi kuishi. Mbung'o humwuma na kumtia nagana, ugonjwa ulio ndugu ya malale ya watu, naye hukonda, miguu hulegea, mwisho hufa. Tena uko ugonjwa wa pili, tauni ya farasi, unaoletwa na vidudu vidogo sana virukavyo jioni na usiku. Leo farasi anakula vizuri. Siku chache baadaye povu linamtoka puani, amekwisha. Ndiyo sababu wamisionari wa kwanza wa kwetu walikwenda kwa miguu na kwa mtumbwi, na waliowafuata kwa baiskeli. Farasi wachache walioko Lubumbashi ni wa michezo tu.

Lakini iko nchi ya Afrika ambako farasi ni kama baiskeli kwetu. Nchi hiyo ni Lesotho. Imezungukwa pande zote na Afrika ya Kusini, nayo ni milima mitupu: hata mahali pake pa chini kabisa panapita meta 1.300 juu ya bahari, na mlima wake mkubwa, Thabana Ntlenyana, una meta 3.482. Mbung'o hawako, na baridi ya milimani hupunguza vile vidudu vya tauni. Wasotho walianza kupata farasi zamani za mfalme wao Moshoeshoe, katika karne ya 19, wakawazoeza milima, na leo farasi wa Kisotho ajulikana mbali: mfupi, mwenye nguvu, mwenye kushika mawe kwa kwato zake kama mbuzi.

Padri Joseph Gérard, Mwoblati kutoka Ufaransa, aliingia nchi hiyo pamoja na Askofu Allard mwaka 1862. Alizunguka milima yake miaka mingi akitafuta wagonjwa. Katika uzee, macho yalipofifia na mgongo ulipopinda, watu walimwinua na kumweka juu ya farasi wake Artaban, naye akaenda. Alikufa mwaka 1914, na mwaka 1988 Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri, huko huko Lesotho, katika mji wa Maseru. Watu humheshimu Padri Gérard, na ni haki. Sisi twamfikiri pia Artaban. Farasi wa namna ile hazaliwi hivyo. Mtu fulani alikaa naye kando ya mto siku nyingi, kwa saburi, kabla ya padri mzee kumpanda bila hofu. Kazi ya mtu huyo ndiyo tunayotaka kuwaeleza, kwa sababu tuliifanya.

Sisi wawili, wana wa Kongo, tulikaa miaka mitatu katika misioni moja ya milimani huko. Misioni ilikuwa na farasi watatu. Mmoja alipozeeka padri wetu alinunua mwingine mahali pake, jike wa rangi ya kahawia, umri wa miaka sita. Jina lake Pula, maana yake Mvua. Na huyu Mvua aliogopa maji.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Mwenyewe wa kwanza alitaka kumvusha mto uliojaa; farasi akakataa, mtu akampiga mpaka akaingia. Maji yakawabeba wote wawili. Walitoka chini huko, mtu na mkono uliovunjika, farasi na magoti yaliyochanika. Tangu siku ile hata kijito cha kurukwa na mtoto kilimtia tetemeko. Hata gogo njiani, hata gunia lililopeperushwa na upepo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Basi kwa nini kumnunua? Kwa sababu bei ilikuwa ndogo, na misioni ni maskini. Na kwa sababu ng'ambo ya mto kulikuwa na vijiji vitano vya Wakristu. Njia ya gari iliishia kwetu, na daraja la karibu lilikuwa mwendo wa siku nzima. Toka Novemba mpaka Machi, wakati wa mvua, mtu mwenye kuugua huko alipata padri kwa farasi, au hakumpata. Tena farasi anayeshtuka katikati ya mto ni hatari kuliko kukosa farasi kabisa. Atasimama kwa miguu ya nyuma, atateleza juu ya mawe, atamwangukia mpandaji ndani ya maji, na uzito wake wapita kilo 300.

Mwalimu wetu alikuwa mchunga farasi wa misioni. Tulimwita Ntate, yaani Baba, kama huko wanavyomwita kila mwanamume wa heshima. Naye alituita bana ba ka, wanangu. Hakujua kusoma, lakini siku ya kwanza alitupa somo ambalo hatujalisahau. Alituchukua kando ya kijito, akatuambia tuiname, jicho moja tulifumbe, tutazame maji. Tukaona mbingu, mawingu yakitembea, na jani la nyasi limesimama kichwa chini. Chini ya maji hatukuona kitu. Akasema: “Hivyo ndivyo Pula anavyoona. Mnataka aingie mbinguni kwa miguu?”

Maneno yake ni ya kweli kwa sehemu kubwa. Macho ya farasi yako kando ya kichwa. Kwa hiyo huona karibu pande zote bila kugeuka, ila nyuma kabisa ya mkia wake na mbele kabisa ya paji lake, na chini ya pua. Kina cha kitu hukipima vizuri tu mbele, pale macho mawili yanapokutana. Tena ili aone vema lazima ainue au ashushe kichwa, kama mzee anayesogeza na kurudisha barua ili aisome. Akifika kwenye maji anataka kushusha kichwa, anuse, apime. Mtu mwenye haraka huvuta hatamu wakati ule ule na kukiinua kichwa juu. Amemfunga macho, kisha anamwita mkaidi.

Neno hilo, mkaidi, tulilisikia mara nyingi, nasi hatulipendi. Mwenyezi Mungu hakumpa farasi pembe wala makucha, alimpa miguu. Akiogopa, kukimbia ndiyo akili yake, na akili hiyo imemlinda tangu kuumbwa kwake. Na fimbo? Wazee wetu wa Kongo walioijua fimbo hawahitaji maelezo marefu. Fimbo hufundisha jambo moja tu, kumwogopa mwenye fimbo. Farasi anayepigwa kando ya maji ana hofu mbili, moja mbele na moja nyuma. Atachagua ile iliyo ndogo. Siku hofu ya mbele ikizidi, atageuka na kupita juu yako.

Majuma matatu ya kwanza Pula hakuona mto kabisa. Tulifanya kazi uwanjani, nyuma ya zizi, sisi tukiwa chini kwa miguu, naye amefungwa kamba ya kichwa na kamba ndefu ya meta 4 ya kumwongoza. Hapo twataka mtusikilize vizuri ninyi mnaofuga, kwa maana hata punda na ng'ombe wa kukokota hufundishwa hivyo hivyo. Unavuta kamba kidogo sana, kama unavyovuta kanzu ya mtu kanisani ili umpe nafasi ya kupita. Unangoja. Farasi akisogeza mguu, hata akiegemeza tu mwili mbele, papo hapo unalegeza kamba. Papo hapo, si baadaye kidogo. Kule kulegeza ndiko kunakomwambia: umefanya vema. Farasi hajifunzi kwa kuvutwa. Hujifunza wakati kamba inapolegea. Ukilegeza anaporudi nyuma, umemfundisha kurudi nyuma. Ukiendelea kuvuta hata baada ya kusogea, umemfundisha kwamba kusogea hakuna faida.

Hivyo Pula alijifunza kwenda hatua moja, kusimama, kurudi hatua moja, kugeuza kichwa kushoto na kulia kwa kuguswa tu. Yaonekana ni kazi ya watoto. Lakini ndani ya mto utahitaji hayo tu: hatua moja, simama, nyuma, geuka.

Kisha tukaanza kuleta vitu. Gunia tupu la mahindi, tukaliweka chini mbali naye. Siku ile alipumua kwa kelele kama mvuvio wa mhunzi, macho yakaonyesha weupe, mkia akaubana. Hatukumsogeza karibu. Tulizunguka naye mbali, na kila alipotulia tulimgeuza akaenda zake. Ntate alisisitiza sana jambo hilo: umwondoe mwenyewe kabla hajataka kukimbia. Ukimkaribisha mpaka akimbie, amejifunza kukimbia. Siku ya pili tulizunguka karibu zaidi. Siku ya tatu akashusha kichwa, akalinusa, akalamba midomo na kutafuna kinywa kitupu, akapumua pumzi ndefu. Hiyo ndiyo alama. Kichwa chini, macho yanapepesa, masikio yamelegea, mguu mmoja wa nyuma umepumzika. Mpaka uone alama hizo usiongeze kitu kipya.

Baada ya gunia tukaweka magogo matatu chini, ajifunze kuinua miguu na kuangalia pa kukanyaga. Turubai. Mbao pana juu ya ardhi, kwa sababu madaraja madogo ya huko yana sauti ya ngoma chini ya kwato, na sauti hiyo hutisha kuliko mbao zenyewe. Mapipa mawili yenye nafasi katikati, kwanza nafasi ya ng'ombe watatu, halafu wawili, halafu mmoja. Kwa maana farasi mwoga akipita mahali pembamba hukurupuka mbele, na goti la mpandaji hubaki kwenye mwamba. Mwisho blanketi. Kila Msotho huvaa blanketi, na upepo wa milimani hulipeperusha kama bendera. Farasi asiyevumilia blanketi hafai kitu huko. Kila siku tulifanya dakika 15, labda 20, tukaacha wakati bado anafanya vema. Sisi tulikuwa na hamu ya kuendelea. Ntate alichukua kamba mikononi mwetu.

Sasa mambo ya usalama, nayo hayana mzaha. Kamba usiizungushe mkononi wala kiunoni hata mara moja. Ikunje mikunjo mikubwa uishike katikati, ili farasi akikimbia kamba itoke. Usisimame mbele yake kandokando ya maji. Farasi mwoga mara nyingi hataki kukanyaga maji, anataka kuyaruka, na atakuangukia mahali uliposimama. Simama kando, karibu na bega lake, kwa umbali wa mkono na zaidi, na mwachie njia iliyo wazi mbele. Viatu vigumu, kofia ngumu. Kisu kikali kiunoni, kwa ajili ya kukata kamba ikinasa. Msiende kamwe mtu mmoja. Watoto wakae mbali. Huko kwetu watoto wa shule walikuja kutazama na kushangilia, tukawaomba wakae juu ya kilima na kushangilia kimya, jambo gumu kwao.

Na mahali pa kufundishia pachaguliwe na mtu aliyekwisha kupita mwenyewe kwa miguu, fimbo mkononi, akipima. Pawe na maji ya kufika kifundoni tu, chini pawe pagumu, changarawe au mchanga ulioshikana, si tope na si mawe ya mviringo yenye utelezi. Kingo ziwe chini pande zote mbili. Na pawe papana. Watu hufikiri kijito chembamba ni chepesi kwa kuanza. Sivyo, kijito chembamba humwalika farasi kuruka. Maji mapana, ya kina kidogo, yanayokwenda polepole, hayo ndiyo darasa la kwanza.

Yetu ya kwanza hayakuwa hata mto. Ilikuwa dimbwi uwanjani baada ya mvua. Pula alilizunguka siku mbili. Kisha tukamleta farasi mzee wa misioni, dume aliyehasiwa, tuliyemwita Monna-moholo, yaani Mzee. Huyo alikuwa amevuka mito mara zisizohesabika. Alipita katikati ya dimbwi kama katekista anayepita katikati ya kanisa, bila kutazama mtu. Pula akamfuata mpaka ukingoni, akasimama, akanusa. Kesho yake akaweka mguu mmoja, akautoa upesi kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Kamba ililegea. Tukamwacha apumzike pale pale ukingoni, maana tulitaka ajue kwamba penye maji pana raha, na kazi iko mbali na maji. Hiyo ni hila ya Ntate, nzuri mno: mbali na maji tulimtembeza na kumgeuza na kumrudisha nyuma, karibu na maji tulimwacha asimame. Baada ya siku chache alitaka mwenyewe kwenda majini.

Kijitoni ilikuwa vile vile, ila siku zaidi. Siku ya tisa alisimama na miguu minne ndani ya maji, akanywa. Tulisikia koo lake likimeza, na hakuna mmoja wetu aliyesema neno. Farasi anayekunywa hana hofu tena ya yale anayoyanywa.

Kumpanda ndani ya maji ni sura nyingine. Kwanza, mpandaji asiyatazame maji. Maji yanayopita hufanya kichwa kizunguke; unaona kama wewe ndiwe unayekwenda upande, nawe unaegemea, na farasi anakufuata unakoegemea. Tazama mti au jiwe la ng'ambo. Hatamu zilegee, ashushe kichwa achague mawe yake, maana yeye ndiye anayejua yaliko. Shika manyoya ya shingo, si hatamu, ukitaka kitu cha kushika. Vikuku viguswe kwa ncha ya kiatu tu, mguu usinase. Mikanda inayofunga kichwa cha farasi kisiinuke, ambayo wengine huipenda, ifunguliwe kabla ya kuingia majini: farasi akilazimika kuogelea lazima anyooshe shingo na kuinua pua, na akifungwa kichwa atakufa maji mbele ya macho yako. Akianza kupiga maji kwa mguu wa mbele, pa, pa, pa, usicheke. Anajitayarisha kulala na kujigaragaza, pamoja na tandiko na wewe. Mpeleke mbele mara moja. Pula alijaribu jambo hilo mara mbili, nasi tulimpenda zaidi kwa hilo. Juma chache nyuma alikuwa akitetemeka, na sasa anataka kuoga.

Ntate alikuwa na jambo moja tena. Pale kwenye kivuko kikubwa alitupeleka siku ya jua, maji yakiwa machache, akapaka chokaa jiwe kubwa lililosimama karibu na ukingo. Akasema jiwe likionekana lote, vukeni. Likionekana nusu, avuke mtu anayejua, mchana, pamoja na mwenzake. Likifunikwa, hakuna kuvuka, hata akija Askofu. Alitaka tupatane naye siku ile ya jua, kwa sababu, alisema, siku ya mvua kila mtu ni shujaa.

Siku hiyo ilikuja mwezi wa Januari. Kijana aliita kutoka ng'ambo kwamba bibi yake ana hali mbaya na anamtaka padri. Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha. Padri alichukua mafuta matakatifu na Ekaristi, akampanda Pula, na mmoja wetu akampanda Monna-moholo. Pula alikwenda vizuri njia yote, alipita tope, alipita daraja la mbao bila kusita. Pale kivukoni alisimama. Hakutetemeka, hakubana mkia. Alisimama kama ukuta, masikio mbele. Maji yalikuwa mekundu kama udongo, na tulipokaa kimya tukasikia chini yake sauti ya mawe yakigongana, du, du, kama watu wanaohamisha masanduku ndani ya nyumba. Mto unaosukuma mawe utasukuma na farasi. Jiwe la chokaa halikuonekana.

Padri alishuka. Kijana wa ng'ambo alivua kofia, akangoja. Padri akampigia kelele kuvuka maji kwamba wasali Rozari pamoja na bibi, na wamsaidie kufanya majuto. Kisha tulikaa kando ya mto, siku ile na ya pili yake. Jioni ya siku ya pili jiwe lilianza kutoka. Asubuhi tukavuka. Bibi alikuwa amekufa usiku ule wa kwanza, wajukuu wake wakisali kando ya kitanda. Padri alibariki kaburi.

Wako waliosema kijijini: Padri Gérard angevuka. Neno hilo lilimwuma padri wetu, nasi pia. Hatukubishana na watu wenye msiba. Lakini twajua kwamba vijiji vitano vilikuwa na padri mmoja, na padri aliyekufa maji siku ya Januari hapaki mtu mafuta Februari. Kanisa lafundisha kwamba Mungu mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Bibi yule hakuwa peke yake. Uchungu ulibaki hata hivyo, na hatusemi kwamba ulikwisha.

Juu ya Pula, wengine walidhani woga wake wa zamani umerudi. Sisi tulikuwa tumemtazama kwa miezi, nasi twajua tofauti. Farasi mwenye hofu hutetemeka, hugeuka, hutafuta njia ya kukimbia, macho yake hayakai mahali pamoja. Yeye alitulia, akatazama, akasikiliza, akakataa. Farasi aliyefundishwa kwa fimbo angeingia, maana hofu ya nyuma ingekuwa kubwa kuliko ya mbele. Yule aliyefundishwa kwa saburi aweza bado kukuambia hapana. Kama asingeweza kusema hapana, hiyo ndiyo yake isingekuwa na maana yo yote kwetu. Padri alisema hayo katika Misa ya Dominika iliyofuata, kwa maneno machache, na watu walinyamaza wakasikiliza, hata wale waliomtaja Padri Gérard.

Asubuhi ile tulipovuka, maji yalifika bado chini kidogo ya tumbo la Pula. Monna-moholo alitangulia. Hatukwenda kwa mstari ulionyoka, bali upande upande kidogo kuelekea juu, ili nguvu ya maji isitusukume chini ya kivuko kwenye mashimo. Katikati kwato yake moja iliteleza juu ya jiwe. Mwili wake wote ulishtuka, padri akalegeza hatamu, akashika manyoya ya shingo, hakusema kitu. Pula alitafuta mahali pengine pa kukanyaga, akapaona, akaendelea. Alipopanda ukingo wa ng'ambo alijitikisa mpaka vikuku vikalia, na padri alilowa mara ya pili.

Tulishuka wote. Tulilegeza mshipi wa tandiko na kuukaza upya, kwa sababu ngozi iliyolowa hunyooka na tandiko hugeuka. Tukainua kwato moja moja na kutoa changarawe kwa kijiti, tukapapasa miguu kama kuna jeraha, tukaifuta kwa nyasi kavu. Kijana yule mjukuu alikuja kutupokea. Hakutuuliza kitu juu ya mto. Alishika mguu wa nyuma wa Pula, akaufuta polepole toka juu mpaka chini kwa blanketi yake mwenyewe, kisha akachukua kamba, akatutangulia njia ya kwenda kaburini.